Kijani Kwenye Ramani

Tarehe 8 Januari

Mpwa wangu,

Watu wengi wakipata barua baada ya kimya kirefu hufanya kosa moja: hukimbilia mstari wa mwisho kutafuta nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Kaa chini usome kwa utaratibu, kama nilivyokufundisha.

Marahaba, maana najua umeshasema shikamoo moyoni ulipouona mwandiko. Sisi hatujambo. Mama yako hajambo ukiondoa magoti, na hayo magoti anasema si mabaya, ila yana maneno mengi asubuhi. Ameacha kwenda chemchemi. Jirani yake, yule mjane wa seremala, humletea ndoo mbili kila siku, kisha hukaa mpaka adhuhuri akimsimulia alivyozibeba. Paa la jikoni limebadilishwa upande uliokuwa ukivuja juu ya jiko. Sasa linavuja juu ya meza. Mama yako anasema hayo ndiyo maendeleo.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Mwezi Novemba tulipata waraka kutoka ofisi ya ardhi. Unasema jamii zote za wenyeji wa asili wa misituni zithibitishe madai yao ya ardhi kabla ya tarehe 30 Juni kwisha. Kila mtu mzima athibitishe mwenyewe, kwa intaneti, akiwa amesimama juu ya ardhi yake ili simu ijue yuko wapi. Ardhi isiyothibitishwa itaandikwa kuwa haina mwenyewe, na atakayeiomba atapewa. Sharti la kusimama juu ya ardhi wameliweka ili matapeli wasithibitishe misitu ya watu wakiwa wamekaa hotelini. Ni sharti zuri, nalisifu. Shida ni kwamba hapa kwetu simu, kama unavyokumbuka, ni tochi.

Waraka umelifikiria hilo pia. Unasema maeneo ambayo hayajafikiwa na intaneti yatumie fomu za karatasi. Basi nikafunga safari ya siku nzima hadi mjini, nikasimama mbele ya karani, nikasema, "Naomba fomu sitini na mbili." Ndiyo idadi ya watu wazima tuliopo, pamoja na mama yako na mimi.

Karani akabonyeza vitufe, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Mzee, kwenu ni kijani."

"Kijani maana yake nini?"

"Mmefikiwa."

"Tumefikiwa na nini?"

"Na intaneti, mzee. Tena ya kasi."

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kufika kwetu. Akasema hajafika, lakini ramani imefika.

Fomu hakunipa. Maeneo ya kijani hayapewi fomu. Nikaiangalia ramani vizuri, nikaona chini yake nembo ya ofisi yenu. Ndiyo maana nakuandikia. Nilijaribu kukupigia nikiwa palepale mjini, lakini namba yako ya zamani siku hizi anapokea mama mmoja mkarimu sana anayeuza vitambaa. Tulizungumza kidogo, naye anakusalimu.

Mtu angedhani kijiji kisicho na mtandao ni kijiji kilichosahauliwa. Laiti tungesahauliwa, mwanangu, tungepewa fomu.

Nitafutie mambo mawili: tumekuwaje kijani, na mtu akishapakwa kijani anatokaje. Barua hii anaichukua muuguzi wa kliniki ya kuzunguka. Anapita hapa Jumatano moja kila wiki tatu. Ukihesabu kwenda na kurudi, kutoka leo mpaka Juni tutaandikiana mara chache. Basi tusipoteze maneno.

Mjomba wako


Tarehe 19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilinifikia mwisho wa Januari, nami nimekaa nayo wiki tatu. Naomba radhi. Kila nikianza kujibu naishia kwenye salamu.

Huku tunaendelea. Tumehamia chumba kilicho juu ya karakana ya vyerehani. Sakafu inatetemeka tangu asubuhi mpaka jioni, na mtoto amezoea hivyo kiasi kwamba mafundi wakienda kula, anaamka analia. Ana meno mawili sasa. Baba yake anasema yameota ili amng'ate yeye tu. Mwambie mama apake ile dawa niliyompa muuguzi, asiiweke kabatini kusubiri siku atakayoumwa zaidi. Namjua.

Mjomba, nakueleza jinsi ramani inavyopakwa rangi. Ofisi yetu ina meza kumi na mbili, na nne kati yake ni za wachoraji wa ramani. Kampuni ikimaliza kufunga vifaa kijijini, inatuletea faili. Ndani yake vinatakiwa vitu vitatu: picha ya vifaa, karatasi ya mapokezi iliyosainiwa na mtu anayeheshimika wa pale, na kipimo cha kasi ya intaneti kilichochukuliwa palepale. Vitatu vikiwemo, mchoraji anaweka kijani. Akishaweka, mkuu wetu anapitisha, na kuanzia hapo ofisi zote za serikali zinaisoma rangi hiyohiyo. Mchoraji hawezi kuifuta peke yake.

Faili lenu bado nalitafuta. Yako mengi, na watu hubadilishana meza.

Naomba unisaidie kwa maswali. Lile dishi la intaneti lililofungwa juu ya paa la shule linafanya kazi? Liliwahi kufanya kazi? Na unakumbuka nani alisaini karatasi ya mapokezi?

Namba yangu mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Nipigie ukifika mjini.

Mpwa wako


Tarehe 12 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Muuguzi amefika asubuhi hii na barua yako, na sasa anapima watoto uzito kwenye veranda ya shule. Ana watoto kumi na wanne na kila mmoja ana mama mwenye maswali, kwa hiyo nina muda wa kutosha kukujibu. Kukupigia haitawezekana. Mvua imeikata barabara ya mjini kule kwenye makalvati yanayopitisha maji, na gari la kliniki peke yake ndilo linalopita, tena kwa kusukumwa.

Mama yako dawa aliiweka kabatini. Nimeitoa.

Kuhusu dishi. Walikuja mwaka juzi, mafundi watatu na mpiga picha mmoja. Walikuwa watu wa adabu. Walilifunga juu ya paa la darasa la nne, wakateremsha waya hadi kwenye kisanduku cha chuma ndani ya stoo, wakawasha kwa betri waliyokuja nayo. Wanafunzi wakapangwa mbele, warefu nyuma, wakapigwa picha. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka kweli, niliiona kwa macho yangu. Halafu wakapakia betri yao, wakafunga kisanduku kwa kufuli, wakaondoka na ufunguo. Walisema timu ya sola inakuja wiki ile ile. Tangu hapo kinachotumia dishi ni ndege mmoja mweusi, naye amezaa humo mara mbili. Boksi lililokuja na vifaa ni zuri, mwalimu mkuu anawekea chaki.

Sasa nikueleze tulichofanya wiki iliyopita. Mwalimu mkuu alisema kule juu ya ukingo wa mlima, upande wa pili, simu hukamata kidogo. Tukakubaliana twende watu watano kujaribu, ikifaulu wote watapanda kwa zamu. Mama yako akataka kuwa wa kwanza.

Nikamwambia, "Dada, magoti."

"Magoti ni yangu," akasema, "na ardhi ni yangu. Vyote nitakwenda navyo."

Tukafunga miti miwili kwenye kiti cha mwalimu, tukambeba wanaume wanne kwa kupokezana. Njia nzima alikuwa akituelekeza pa kukanyaga, kana kwamba sisi ndio wagonjwa. Ilituchukua saa mbili na nusu. Tulipofika juu simu ya mwalimu ikatoa mlio, kila mtu akacheka bila kujua anacheka nini. Mwalimu akafungua ukurasa wa ofisi ya ardhi. Ulichukua muda mrefu kama wa kupika maharage, lakini ukafunguka. Mama yako akaweka dole gumba alipoelekezwa.

Kioo kikawa chekundu.

"Inasema nini?" akauliza.

Mwalimu akasoma mara mbili kwanza. "Inasema uko nje ya ardhi yako, bibi."

Ukingo ule uko nje ya mpaka wetu, mwanangu. Sikuwahi kuufikiria hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Mama yako akatazama bondeni, akalitafuta paa la jiko lake, akalinyooshea kidole. "Mwambie ni pale."

Mwalimu akaielekeza simu bondeni.

Tukajaribu kuteremka polepole, simu mkononi, tukihesabu hatua. Mtandao ulikufa kwenye hatua ya tisini. Mpaka wetu unaanzia hatua ya mia nne. Nilihesabu kwenda, nikahesabu kurudi, tofauti ilikuwa hatua tatu tu.

Hizo hatua mia tatu na kumi katikati ndizo zinazotutenga na ardhi yetu. Nimekueleza kwa kirefu ili uweze kumweleza mkuu wako kwa kifupi.

Unauliza nani alisaini. Siku ile kulikuwa na watu wengi na karatasi nyingi, na mvua ilikuwa inakuja. Nikikumbuka nitakuandikia. Muuguzi anafunga mizani yake sasa.

Mjomba wako


Tarehe 22 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mama ameshuka salama na migongo yenu pia. Nimeisoma ile ya kiti mara nyingi. Mafundi wa chini walipanda kuuliza kwa nini mtoto analia mchana, kumbe ni mimi.

Niliomba likizo nije. Mkuu wangu amesema hakuna likizo mpaka ramani mpya ikamilike. Nilimweleza habari ya hatua mia tatu na kumi kama ulivyosema, kwa kifupi. Alisikiliza vizuri. Akasema, "Pole sana. Lakini hiyo ni hadithi, mimi nahitaji waraka."

Faili nimelipata. Picha ipo: wanafunzi wamepangwa, warefu nyuma. Karatasi ya mapokezi ipo, inasema vifaa vimekaguliwa na vinafanya kazi. Saini ipo. Herufi yake ya kwanza ina mkia unaorudi chini ya jina lote, kama mtu aliyefika njiani akakumbuka kitu nyumbani. Sitasema zaidi ya hapo, mjomba. Mimi ndiye niliyefundishwa kuandika na mkono huo.

Njia iliyopo ni moja. Aliyesaini aandike kwa mkono wake kwamba alichokisaini hakikuwa kweli, aweke saini ile ile, na karatasi halisi ifike hapa. Mtu mwingine hawezi kumwandikia. Mimi pia siwezi, ningekuwa nimeshafanya. Na ni haki yako kujua kuna onyo chini ya fomu: anayekiri kusaini mapokezi yasiyo ya kweli anaweza kuitwa kujieleza.

Sikulazimishi. Nakuambia ilivyo.

Juni si mbali.

Mpwa wako


Tarehe 14 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Mama yako ameanza kutembea na fimbo, na ameipa jina la yule mjane wa seremala. Nikimwambia fimbo haipewi jina la mtu aliye hai, tena anayekuletea maji, anasema anajua, ila fimbo na mwenye jina wote wanaongea njia nzima.

Nilisaini mimi.

Nilikumbuka tangu barua yako ya kwanza. Nilikumbuka hata kabla yake, pale mbele ya karani alipogeuza kioo. Sikukuambia kwa sababu wewe unaniita mjomba, na kwa miaka yote nilitaka jina hilo libaki na maana uliyoipa ulipokuwa mdogo. Sasa nikueleze nilivyofikia kusaini, sio kujitetea, bali uelewe kosa lilivyo.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na moja. Katika miaka hiyo, kila gari lililoleta kitu shuleni, dereva alishuka na karatasi kwanza. Saini, ndipo nishushe. Chaki, vitabu, madawati, mabati ya choo. Ukisema ngoja nihesabu, anaangalia mawingu, anaangalia saa, anawasha gari. Gari likigeuka halirudi tena mwaka huo. Basi nilijifunza kusaini kwanza na kuhesabu baadaye. Mara zote vitu vilishuka. Pengine maboksi mawili yalipungua, lakini vilishuka. Kwa miaka thelathini na moja saini yangu haikuwa na maana ya kwamba nimepokea. Ilikuwa na maana ya "tafadhali msiondoke." Walimu wote wa huku tuliisoma hivyo. Sikujua kwamba huko kwenu mnaisoma kama ilivyoandikwa.

Waliponiletea karatasi ya dishi, nilikuwa nimestaafu zamani, lakini mwalimu mkuu wa sasa ni mwanafunzi wangu, akasema mzee ndiye anayeheshimika. Niliisoma. Niliona neno "vinafanya kazi". Nikatazama ile taa ya kijani, nikatazama mawingu, nikasaini ili timu ya sola ije.

Kukiri kwangu nimekuandikia kwenye karatasi tofauti, imo humu. Nimeweka na ule mkia. Wakiniita nitakwenda, barabara ikipitika.

Jambo moja la mwisho. Ulisema vitu vinatakiwa vitatu. Kisha ukaandika: picha ipo, karatasi ipo. Cha tatu hukukitaja. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, mwanangu, na swali lililorukwa naliona kabla ya yaliyojibiwa. Sikuulizi. Nakuonyesha tu kwamba nimeona.

Mjomba wako


Tarehe 17 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mtoto ametambaa. Anatambaa kuelekea mlangoni tu, mahali pengine hapataki.

Kukiri kwako kulifika tarehe 2 Juni. Niliipeleka karatasi mwenyewe kwa mkuu wangu, nikasimama pale mpaka akagonga muhuri. Akasema imepokelewa, na kwa kuwa ramani ya mwaka huu imefungwa, mabadiliko yataonekana kwenye ramani ya Januari. Nikamwambia mwisho wa ofisi ya ardhi ni Juni hii. Akasema hiyo ni ofisi ya ardhi. Nikaenda ofisi ya ardhi, makao makuu, ghorofa tatu juu. Wakasema wao hutoa fomu kwa kufuata ramani, niende kwa wenye ramani. Nilishuka ngazi nikarudi mezani kwangu, maana wenye ramani ni sisi.

Cha tatu hakimo, mjomba. Kipimo cha kasi hakimo, wala hakikuwahi kuwemo. Na aliyeweka kijani ni mimi.

Faili lilikuja mezani kwangu mwaka juzi, kabla ya mtoto. Nililifungua nikaona pengo mahali pa kipimo. Kazi yangu ilikuwa kulirudisha kwa kampuni. Kisha nikaona mwandiko. Nilifurahi sana, mjomba, nilimwonyesha hadi jirani yangu wa meza, nikamwambia huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Nikasema huyu hawezi kuandika kisicho kweli, kipimo kitaletwa tu. Nikapaka rangi. Nilipaka kwa mkono wangu kijiji cha mama yangu, na siku ile nilijisikia kama nimewaletea kitu.

Ulipoandika Januari nilijua siku ile ile. Hizo wiki tatu sikuwa natafuta faili.

Nilipomweleza mkuu, alisema, "Basi mjomba alisaini na mpwa akapaka. Mfumo umefanya kazi yake." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananifariji.

Mezani kwangu yako mafaili kumi na tisa ya vijiji vingine vya wenyeji wa misituni, yote ya ramani mpya. Yanatakiwa kwisha mwezi Julai. Siwezi kuyafungua. Nimeandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye droo. Sijui nikuombe nini. Nimetuma pia fomu sitini na mbili za karatasi, nilizichapa mwenyewe. Hazitakubaliwa, lakini sikuweza kukaa bila kutuma kitu.

Mwanao


Tarehe 16 Julai

Mwanangu, marahaba.

Barua yako na fomu vimeletwa leo na muuguzi. Safari hii nilifanya lile kosa la watu wengi: nilianza na mstari wa mwisho. Nilipoona umeandika "mwanao" nikajua kuna jambo.

Mama yako hajambo. Nimemsomea barua yote, hakuniruhusu kuruka hata mahali nilipotaka kuruka. Kisha akasema, "Kwa hiyo mtoto anatambaa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Aangalie hicho kizingiti cha mlangoni." Hayo ndiyo aliyosema. Baadaye nilimkuta jikoni anazikunjua zile fomu moja moja na kuzinyoosha kwa kiganja.

Nikueleze tarehe 30 ilivyokuwa. Tulikusanyika uwanjani pa shule, wote sitini na wawili, pamoja na wawili waliobebwa. Hakuna aliyetuita. Mwalimu mkuu alikata kufuli la kisanduku kwa msumeno, akaunganisha betri ya pikipiki. Taa ya kijani ikawaka. Watu wakanyanyua simu, wasio na simu wakasimama karibu na wenye nazo. Mjane wa seremala akasema, "Mbona haisemi kitu?" Seremala mwenyewe angesema vilevile. Mwalimu akaeleza kwamba taa inaonyesha umeme umefika, haionyeshi kama upande wa pili kuna mtu. Ile ndiyo taa niliyoisainia. Tulikaa mpaka betri ikaisha, hatimaye watu wakaenda kupika.

Barabara ilipofunguka nilikwenda mjini, tarehe 4. Karani akanigeuzia kioo. Kwenye mstari wetu kulikuwa na sifuri. Akasema pole, na nadhani alimaanisha. Akasema tunaweza kukata rufaa ndani ya siku tisini.

"Rufaa inaandikwa wapi?"

Akaanza kusoma, "Kwa intaneti, ukiwa umesimama..." Kisha akakigeuza kioo polepole kikamwelekea yeye.

Sikukupigia nikiwa pale, ingawa namba ninayo. Nilisimama na simu mkononi. Sikuwa na la kukueleza ambalo ningeweza kulisema kando ya kaunta.

Jana wamefika watu wawili na kamba ya kupimia. Wanapima kuzunguka chemchemi. Ni watu wa adabu kama wale wa kwanza. Waliomba maji, mama yako akawapa, akawauliza yanatoka wapi. Wakasema wanaona yanatoka chemchemi. "Andikeni hivyo basi," akawaambia. Jioni waliniletea karatasi nisaini kwamba wamefika na kupokelewa. Sikusaini. Walishangaa, wakatazama mawingu, wakatazama saa. Nikawaacha watazame.

Unasema hujui uniombe nini. Usiniombe kitu. Mimi niliandika kisicho kweli kwa sababu niliogopa gari litageuka, na wewe ukakiamini kwa sababu nilikufundisha kuamini mwandiko wangu. Tukianza kugawana kosa hili tutafika Januari hatujamaliza, na ardhi haitarudi kwa hesabu hiyo. Sijui kama itarudi. Nimekueleza mambo mengi maishani, lakini hili sijui.

Fomu tutazijaza. Mama yako anataka yake iwe juu. Muuguzi atazichukua awamu ijayo, na karani atazikataa, lakini atalazimika kuzishika mkononi kwanza.

Muuguzi ameshapakia mizani, ananisubiri. Barua iliyo kwenye droo iache ilale humohumo. Wewe leo, ukimaliza kusoma hapa, chukua faili lililo juu kabisa kati ya yale kumi na tisa, ulifungue, utafute kipimo. Kama hakimo, lirudishe, hata kama mwandiko ni wangu.

Mjomba wako